Kahaso na Kisiki cha Mkoma

"Mama Kahaso, huyo mwanao anasomea kazi gani huko chuoni?"

Jirani yangu Swaleha aliniuliza hivyo tukiwa tunapalilia, kila mmoja upande wake wa malka, ile njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni. Lilikuwa swali la jirani, halina ubaya wowote. Mwanawe Fahad alikuwa anasomea uuguzi, na uuguzi hauna haja ya kuelezwa. Mimi niliinua jembe, nikalishusha, nikaliinua tena. Kisha nikasema, "Sheria."

"Ala! Wakili! Hongera, dada. Basi hatutaonewa tena."

Nikaendelea kulima. Mungu anisamehe, moyoni nilisikia raha.

Kahaso ni kifungua mimba wangu. Kwetu sisi Wagiriama binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo ana jina moja na mavyaa yangu. Jambo hilo lilinipa taabu kumlea, kwa maana mavyaa alikuwa hai, anakaa nyumba ya pili tu, na mimi siwezi kusimama uani nikapaza sauti, "Kahaso, mjinga wewe, rudi hapa!" Nilimkaripia kwa adabu. "Kahaso mama, tafadhali, shuka juu ya paa." Watu walicheka sana. Mavyaa naye alikuwa akijibu kutoka ndani, "Nimeshuka zamani!"

Mtoto mwenyewe hakuwa mtundu wa mikono. Utundu wake ulikuwa wa maswali. Akiwa na miaka minane alimwuliza mwalimu wa shule ya Jumapili kama mamba wa mto wetu ameumbwa na Mungu, na kama ndivyo, akimla mtu anatenda dhambi au anakula tu. Mwalimu akaniita pembeni. "Mama, mwanao ana akili, lakini anawachelewesha wenzake." Nilimwambia Kahaso maswali mengine yawekwe moyoni. Akaniuliza, "Yakijaa je?"

Alifaulu shule ya msingi, akafaulu sekondari, barua ya chuo kikuu ikaja. Alinisomea tukiwa jikoni.

"Falsafa, mama. Pamoja na masomo mengine."

"Mengine yapi?"

"Uchumi, siasa, historia, mambo ya mazingira, sheria kidogo. Falsafa ndiyo uti wa mgongo, hayo mengine ni mbavu. Darasa moja nitakaa na watu wa kilimo, darasa jingine na watu wa sheria."

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Katika yote aliyoyataja nilishika lile moja ambalo umbo lake ninalijua. Wakili nimemwona, ana joho jeusi na mkoba, na watu humwinukia. Falsafa sijapata kumwona mtu ameivaa. Neno lenyewe nililisikia kanisani mara moja tu, mhubiri mgeni alilitaja pamoja na pombe na uganga. Ndiyo maana, Swaleha aliponiuliza, nilichukua ubavu mmoja nikasema ndio mwili mzima.

Neno halikubaki shambani. Swaleha alimwambia mumewe, mumewe akamwambia Mzee Menza, mwenyekiti wa wakulima wa upande wetu. Jumapili moja katika ushirika wa akina mama kiongozi akasema tumwombee mtoto wetu Kahaso, wakili wa kwanza kutoka kijiji hiki. Nilifumba macho kama wengine. Nikasema amina kama wengine. Nimemsujudia Mungu miaka mingi, lakini siku ya pili nikaenda sokoni Garsen nikaitwa Mama Wakili, nikaitikia.

Kahaso hakujua. Alikuwa mbali, akinipigia simu Jumamosi. Wengine watoto wao huwapigia kuomba nguo, yeye alinipigia kuniuliza. Siku moja aliniambia, "Mama, mtu akitoa ahadi kisha akafa, je, ahadi yake inamfunga aliye hai?"

Nikamwambia, "Marehemu hafungi mtu, mwanangu. Yeye ndiye aliyefungwa, sanda nzima."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena kusema atamwambia mwalimu wake jibu la mama yake. Mimi nilicheka pia, lakini si kwa raha sana, kwa sababu ahadi ya marehemu ninayoijua mimi ilikuwa pale pale shambani kwangu, na nilikuwa naila kidogo kidogo.

Hili ni lazima nilieleze, kwa maana aibu zangu zilikuwa mbili na mwisho zilikutana.

Bavyaa yangu, baba wa mume wangu, alikuja delta hii kutoka kusini akiwa kijana, akafyeka kando ya mto. Waorma waliokuwa wakinywesha ng'ombe mahali pale hawakumfukuza. Alikubaliana na mzee wao kwamba yeye alime, lakini malka ibaki, yaani njia ya ng'ombe kushukia mtoni wakati wa kiangazi. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Alama zilikuwa mikoma miwili, ile mitende pori ya kwetu inayogawanyika matawi. Malka ni katikati ya mkoma huu na mkoma huu. Mmoja uko upande wa Swaleha, umesimama mpaka leo. Wa pili ulikuwa upande wangu. Mwaka wa mafuriko makubwa, Kahaso akiwa sekondari, maji yaliung'oa kichwa ukabaki kisiki.

Tulikuwa tukikalia kisiki kile mchana kula muhogo, mimi na Kahaso. Ni kipana, kinatosha watu wawili na sufuria.

Maji yalipokauka nilipanda mstari mmoja wa migomba mbele ya kisiki. Mmoja tu. Udongo wa mafuriko ni mweusi, unakubali kitu chochote, unaona uchungu kuuacha. Mwaka uliofuata mstari wa pili. Kahaso alipokwenda chuoni mistari ilikuwa mitatu, alipomaliza ilikuwa sita, na kisiki kilikuwa ndani kabisa ya shamba, kimefunikwa na majani makavu ya migomba. Malka ikawa nyembamba. Ng'ombe wakija wengi hawatoshi, wanasukumana, na kwa kuwa upande wangu kuna migomba imesimama kama ukuta, wanamwagikia upande wa pili, kwenye mahindi ya Swaleha.

Swaleha aliwalaani wafugaji. Alikuja kwangu akalia. Nilimpa maji ya kunywa, nikamwambia Mungu anaona.

Kahaso alirudi na shahada yake mwaka jana. Kanisani wakamwita mbele. Kiongozi akasema, "Haya, tumpigie makofi wakili wetu!" Makofi yakapigwa, vigelegele vikapigwa. Kahaso alitazama huku na huku kama anamtafuta huyo wakili, kisha akanitazama mimi. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Nyumbani aliweka sahani mezani, akaniuliza pole pole.

"Mama, mimi ni wakili?"

"Maneno ya watu tu hayo."

"Watu waliyatoa wapi?"

"Chakula kinapoa, Kahaso mama."

Hakuniuliza tena. Nadhani hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba mtoto ambaye hajapata kuacha swali njiani aliliacha hilo kwa ajili yangu. Watu walipokuja kumwomba awaandikie barua, aliwaandikia. Walipomwita wakili aliwaambia, "Niiteni Kahaso tu," nao wakamsifu kwa unyenyekevu. Alikuwa akitafuta kazi, anatuma maombi kwa simu, majibu hayaji. Asubuhi analima pamoja nami. Siku ya kwanza aliyofika kwenye mistari mipya ya migomba alisimama, akahesabu kwa macho, akaniuliza, "Kisiki chetu kiko wapi?" Nikamwambia kimeoza.

Kisha kiangazi kikaja kikali. Ng'ombe walikanyaga mahindi ya Swaleha yote, kutoka mwanzo hata mwisho. Vijana wa upande wetu walianza kunoa mapanga mchana mbele ya watu, na vijana wa upande wa pili wakaanza kutembea kwa makundi. Delta hii inakumbuka mambo ambayo sitaki kuyaandika. Chifu akaitisha mkutano haraka.

Mzee Menza alikuja kwetu asubuhi ya siku hiyo, kofia mkononi.

"Mama Wakili, tumekuja kumchukua bunduki yetu."

"Bunduki gani, mzee?"

"Huyu hapa! Mwenye sheria! Leo tunataka malka hiyo ibanwe, iandikwe. Wakili, utasimama useme."

Kahaso akasema, "Mzee, kuna jambo mama anataka kuwaambia." Akanigeukia. Mlango ulikuwa wazi, Mzee Menza ananisubiri anatabasamu.

Nikasema, "Nitawaambia baada ya mkutano."

Kahaso alichukua leso yake akatangulia.

Tulikutana katika darasa la shule ya msingi, wazee wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mimi na Swaleha tulikaa dawati moja. Wafugaji walikaa upande wa dirisha, na mkubwa wao alikuwa Mzee Bonaya. Baba yake ndiye aliyekubaliana na bavyaa yangu.

Ugomvi ulikuwa mmoja, upana wa malka. Mzee Menza alisema mkoma wa pili ulikuwa hatua ishirini kutoka wa kwanza, kwa hiyo malka ni kijia tu, na ng'ombe wote hao ni uvamizi. Wafugaji walisema hatua sitini. Kelele zikapanda. Chifu akagonga meza. "Wakili, simama."

Kahaso akasimama. Hakuwa na karatasi.

"Mzee Menza, wewe uliuona mkoma wa pili ukiwa umesimama?"

"Niliuona, ndiyo."

"Na hizo hatua ishirini alihesabu nani?"

"Watu wanajua."

"Watu gani, mzee?"

Upande wa dirisha wakacheka. Mzee Menza akakunja uso. "Wewe wakili ni wetu au ni wao? Hukuletwa hapa kuuliza, umeletwa kujibu!"

"Mzee wangu, nisipouliza nitajibu nini? Kama mtu hajui, kusema hajui si kosa." Akamgeukia Mzee Bonaya. "Na wewe baba, sitini alihesabu nani?"

"Mimi sijahesabu," Mzee Bonaya akasema. Kiswahili chake ni cha kuvunjavunja, lakini husikika vizuri. "Zamani ng'ombe inapita, inatosha. Sasa haitoshi. Ng'ombe yangu hakuna kunenepa hivyo."

Hapo watu wote wakacheka, hata Mzee Menza aliangalia pembeni kuficha meno. Kahaso hakucheka.

"Basi ishirini hatujui, na sitini hatujui," akasema. "Tunalojua ni kwamba mti ulikuwepo, ukaanguka. Mti mkubwa vile ukianguka huacha kisiki. Hakuna mtu hapa anayejua kisiki kiko wapi?"

Kahaso hakumtazama mtu mwingine. Alinitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi. Nasema hivi kwa sababu najua vizuri urefu wa nafasi ile. Mbele yangu kwenye dawati mtoto fulani alikuwa amechonga jina lake kwa kalamu, na mimi nililisoma jina lile herufi kwa herufi, kisha nikalisoma tena. Begani nilisikia joto la Swaleha. Nikainamisha kichwa kama mtu anayesali. Sikuwa nasali.

Kahaso akawageukia wazee.

"Mimi ninajua. Kiko kwenye shamba la nyumbani kwetu, baada ya mstari wa sita wa migomba. Nilikuwa nikikikalia. Tangu nirudi nimeona ile migomba, na sikusema, kwa hiyo kosa hili ni langu pia. Na kingine. Mimi si wakili. Sikusomea sheria, nilikaa darasa lao kidogo tu. Shahada yangu ni ya falsafa, pamoja na masomo mengine. Mmeniita wakili nami nikakaa kimya. Naomba mnisamehe."

Hakutaja jina langu. Alisema "nyumbani kwetu", akasema "kosa langu". Laiti angenitaja.

Mtu nyuma akauliza, "Falsafa ndiyo nini? Ugonjwa?" Vicheko vikalipuka. Mwingine akasema, "Ndiyo ule unaompata mtu akashitaki mama yake!" Mzee Menza alisimama kwa taabu kutoka kwenye dawati, akavaa kofia yake. "Tumesomesha wakili wa ng'ombe," akasema, akatoka nje.

Swaleha alivuta leso yake iliyokuwa imeshikana na yangu, akajisogeza mpaka mwisho wa dawati. Dawati lile ni la watoto wawili, hakuna mahali pa kusogea. Lakini alisogea.

Chifu alisema twende tukaone. Tukatembea wote, mkulima na mfugaji, kwa jua la saa sita. Kahaso aliingia katikati ya migomba yangu, akafukua majani kwa mguu, na kisiki kile kikaonekana, kizima, wala hakijaoza. Walihesabu hatua mara mbili, mkulima mmoja na mfugaji mmoja. Hamsini na nne. Mzee Bonaya alikigusa kwa fimbo yake. Akamwambia Kahaso, "Babu yako namjua. Alikuwa anasema kweli pole pole, hivi hivi." Chifu akatoa siku kumi na nne, migomba iondoke na malka ifunguliwe. Vijana waliokuwa na mapanga waliyarudisha alani, maana hasira yao ilikuwa imepata mwenyewe mwingine.

Mwenyewe huyo lakini hawakumwona ni mimi. Walimwona ni Kahaso. Wiki ile yote alikuwa akienda kisimani anaitwa Falsafa. "Falsafa, ndoo yako imejaa au unafikiri imejaa?" Sokoni walimwuliza kama ng'ombe walimlipa kwa maziwa. Kanisani kiongozi alipita karibu yetu akasalimia watu wa mbele na watu wa nyuma. Kahaso aliimba nyimbo zote. Baba yake, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema tu, "Mtoto amebeba mzigo wa watu wazima," akachukua jembe akaenda.

Tulianza kung'oa migomba siku ya tano. Mingine ilikuwa na mikungu. Mgomba ukiung'oa unatoa maji mengi yanayochafua nguo, doa lake halitoki. Kahaso alifanya kazi mbele yangu bila kunisema hata neno moja baya. Mimi ndiye niliyetaka nisemwe.

"Nikaripie," nikamwambia. "Mimi nimekuwa mtoto na wewe mavyaa. Haya, nikaripie."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mkutano. "Mama tafadhali, shuka juu ya paa."

Siku ya tisa nilibeba mkungu mzuri kuliko yote, nikavuka malka mpaka kwa Swaleha. Kahaso alikuja nyuma yangu na mwingine. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, kwamba nimemkosea, kwamba mahindi yake niliyakanyaga mimi kwa miguu ya ng'ombe wa watu. Hayo nilifaulu kuyasema, nikilia. Swaleha alisikiliza mpaka mwisho, akaonyesha chini ya ukuta. "Weka hapo." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Akatuangalia mimi na mwanangu, tumesimama na madoa ya migomba kifuani, na sauti yake ikalegea kidogo, ikawa kama ile ya zamani ya kupalilia.

"Basi Mama Kahaso, mwanao alisomea nini hasa?"

Swali lile lile. Nilifungua mdomo. Neno nilikuwa nalijua, wiki nzima lilikuwa likipigiwa kelele kisimani. Lakini nilipotaka kulitoa niliona uso wa Swaleha unasubiri, nikaona jinsi nitakavyoulizwa maana yake na jinsi nitakavyokosa, na aibu ikanishika ulimi kama ilivyonishika siku ya kwanza.

Nikasema, "Muulize mwenyewe, si huyo hapa."

Kahaso alimweleza, kwa maneno mepesi, na Swaleha akatikisa kichwa akasema angalau hicho nacho ni kitu, mtu kujifunza kuuliza. Tukaaga. Tulirudi kwa njia ya malka, na kwa kuwa ilikuwa wazi sasa, tulitembea sambamba. Tulipofika kwenye kisiki Kahaso akakaa, akanipisha nafasi. Nilikaa. Nilingoja anilaumu, nikiwa tayari.

Akasema, "Mama, naomba kitu kimoja. Siku nyingine Swaleha akikuuliza, usinipe mimi nijibu. Liseme wewe. Sema falsafa. Hata kama hulielewi, liseme tu kwa mdomo wako."